Wakuu, ni lazima niende Dar ndo nitoke kimuziki? Nipo Mbeya

Dogo_wa_Soweto: Habari zenu wadau. Nina miaka 23, mchana nashona nguo hapa Mwanjelwa usiku naimba, nina ngoma nne zimekamilika. Kiitikio cha moja nimeweka Kinyakyusa, prodyuza kaniambia toa hicho utabaki kijijini, afu kila mtu ananipa sheria zake, mara uhamie Dar, mara uwe na hela ya kuwapa madijei, mara bila video kali hata usiachie. Nimedunduliza laki sita. Niende nayo Dar au nifanyeje?

Msela wa Kabwe: Laki sita Dar ni chumba na msosi miezi miwili dogo, studio hujagusa. Mi nachojua hizo sheria nyingi kaziweka mtu zinazomfaa yeye. Sugu alivyoanza kurap Kiswahili miaka ya 90 si watu walikuwa wanaona rap ni ya Kiingereza, angewasikiliza leo tusingekuwa na stori yake, na baadae watu wa Mbeya hawahawa wakampa ubunge 2010. Kinyakyusa chako kibaki humohumo, hapo ndo upo tofauti na wale mia wanaoimba amapiano moja.

Mama Ngoma: Kamwene wote. Mdogo wangu mimi niko Mafinga naimba kwenye harusi na sendoff, redioni hawanijui kabisa lakini kuanzia mwezi wa 6 watu wakishavuna, na huku mbao zikitembea, naweza kuwa na shoo kila wikiendi mpaka sauti inakauka. Ngoma zangu nilipeleka kwa wale vijana wanaoingiza nyimbo kwenye flashi na memori kadi, nikawapa bure, nikawapa na makonda wa mabasi. Basi la Dar linakaa barabarani kutwa nzima, abiria wanasikiliza wapende wasipende 😂 Simu za MC zikaanza hapo. Siku moja nilienda redio moja wakaniomba hela nikarudi nyumbani nikala ugali wangu.

Fundi Mitambo: Hapa naona mnamdanganya kijana kidogo. Rayvanny katoka Mbeya hiyohiyo, akaenda Dar akasaini lebo ya Wasafi, 2017 akabeba tuzo ya BET, na lebo yake kafungua 2021 akiwa ameshajulikana. Dar imemsaidia, tusijifanye hatuoni. Afu zipo sheria za kuvunja na za kufuata. Kuvunja ya "lazima video" sawa, ila usije ukavunja ya kuandikishana. Mimi nimetengeneza biti ya mtu kwa maneno tu ya mdomo, ngoma ikashika, kila mtu akasema yake, mpaka leo hatusalimiani. Andikeni nani kaandika mashairi nani katengeneza biti na mgao wa kila mmoja, sajili kazi COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, na BASATA, baraza la sanaa, ujisajili kama msanii, hata kama ni usumbufu. Na kuhusu hela ya Youtube usihesabu mapema, wanataka subscribers 1,000 na masaa 4,000 ya kutazamwa ndani ya miezi 12 ndo uanze kula matangazo, sasa wewe na ngoma nne piga hesabu.

Dogo_wa_Soweto: Ndaga fijo, asanteni sana wote. @Mama Ngoma kuhusu flashi sijawahi kufikiria, na kwa kweli nasikia uchungu kugawa bure kitu nilicholipia studio. @Fundi hatujaandikishana chochote na prodyuza 😬

Fundi Mitambo: Nenda kesho. Kabla hujampa konda hata mmoja.

Mama Ngoma: Na ile ya Kinyakyusa usiifute, mwezi wa 8 kwenye maonyesho ya Nanenane pale viwanja vya John Mwakangale watu wanajaa kutoka Tukuyu, Kyela huko. Tafuta spika na jenereta ya kuazima. We si fundi cherehani, jishonee na sare.

Dogo_wa_Soweto: Kitenge kipo. Spika ndo sina.

Msela wa Kabwe: Njoo inbox.