Viwanja vilivyolala Gungu: kodi itavifanya vijengwe?

Swali: Wakuu, hapa Gungu, Kigoma, kuna viwanja vimepimwa, vimeuzwa, miaka inapita ni majani tu. Vikitozwa kodi kubwa vitajengwa, au vitabadilisha mikono tu?

Msawili: Tuanze na wanacholipa sasa. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Kiwanja kitupu hakina mita, kwa hiyo kinadaiwa kodi ya pango la ardhi pekee. Yaani anayejenga ndiye anayeongezewa mzigo! Kodi ishike thamani ya ardhi yenyewe: kiwanja cha milioni 8 kwa asilimia 2 ni 160,000 kwa mwaka. Hapo mlanguzi, anayeshikilia kiwanja akisubiri bei ipande, ataanza kupiga hesabu.

Fundi Sanifu: Masharti ya hati kwa kawaida yanatoa miezi 36 kumaliza kujenga, ila usimamizi ndio hakuna. Na si kila asiyejenga ni mlanguzi, mkuu. Wengi wananunua tofali kidogo kidogo. Muda uhesabiwe tangu barabara na maji vifike, kisha kiwango cha kodi kiwe kinapanda: asilimia 1, 2, halafu 3. Kigezo kiwe jengo lililoezekwa, la sivyo utaona misingi na vyoo vya maonyesho kila kona.

Msawili: Nakubali. Ila daftari la wamiliki kwanza. Viwanja vingi vimeuzwa kwa karatasi za serikali ya mtaa bila kuhamisha miliki, kwa hiyo bili inamfuata aliyeuza. Tathmini ya thamani nayo ifanywe mara kwa mara: Pittsburgh, Marekani, walitoza ardhi kwa kiwango kikubwa kuliko majengo, wakaacha 2001 baada ya tathmini mpya kurusha bili ghafla.