Mtaalamu wa kumpima mtoto mwenye mahitaji maalumu ulimpataje? Tupeane uzoefu

Mama Pacha
Wadau, habari za leo. Mzazi mwenzangu ameniuliza ampeleke wapi mtoto wake akapimwe na mtaalamu wa nyurosaikolojia, yaani anayepima jinsi ubongo unavyofikiri, kukumbuka na kujifunza, nikajikuta namsimulia mpaka simu ikazima chaji. Basi nimeona nilete hapa.

Mmoja wa pacha wangu alikuwa akisoma aya, akifika mwisho mwanzo umeshamtoka. Kuandika ndio usiseme, wenzake wanatoka mapumziko yeye bado ananakili ubaoni. Walimu wakasema mvivu. Mtaalamu wa kwanza alimpima asubuhi moja akatukabidhi karatasi yenye namba moja na neno "wastani". Mtoto analia kila jioni juu ya daftari, karatasi inasema wastani!

Wa pili hakumgusa mtoto kwanza. Alituita sisi wazazi. Mimba ilikuwaje, alizaliwaje, alianza kusema lini, kwenye ukoo nani mwingine alisumbuka kusoma, analala vipi, madaftari yako wapi niyaone. Akaomba ruhusa azungumze na mwalimu. Akachukua na majibu ya yule wa kwanza, akasema kipimo kilekile hakirudiwi upesi kwa sababu mtoto anakuwa ameshakizoea na alama zinapanda bila maana. Alipoyafungua yale majibu ndani tukaona: kuelewa maneno na kufikiri kuko juu sana, kasi ya kazi iko chini sana. Ukivichanganya ndiyo hiyo "wastani". Nyinyi wenzangu mliwapataje wenu?

Nyota ya Asubuhi
Dada umenigusa. Hiyo "wastani" naijua, na machozi ya jioni nayajua.

Baba Mlezi
Mada hii imenikumbusha mbali. Mimi nalea mtoto wa marehemu kaka yangu. Alipokuja kwetu alikuwa anaongea lugha ya kwao tu, ya shule ndiyo kwanza anajifunza. Wakampima kwa lugha ya shule. Wakaandika ana upungufu wa akili. Mtoto anayetengeneza redio iliyokufa!

Nikatafuta mwingine. Swali lake la kwanza kwenye simu: "Nyumbani mnaongea lugha gani, na yeye akiota ndoto anaongea ipi?" Nikasema moyoni, huyu ndiye. Alianza na vipimo visivyotegemea maneno, vya kupanga maumbo na kutafuta kipande kilichokosekana. Pia aliandika kwenye ripoti kwamba majedwali ya kulinganishia alama yalitengenezwa kwa watoto wa mazingira mengine, kwa hiyo namba zisomwe kwa tahadhari. Wadau, mtaalamu anayeandika mipaka ya kipimo chake ni wa kuaminiwa. Anayekwambia kipimo kimesema basi, mkimbie.

Jabali
Mimi nitasema ukweli ingawa mtanichukia. Siku hizi kila mtoto ana jina la ugonjwa. Sisi tulisoma bila kupimwa ubongo na tukafika. Mtoto akae asome.

Mwalimu Mstaafu
Jabali, nimefundisha madarasa ya chini maisha yangu yote ya kazi. Wale walioketi wakasoma wakafika unawakumbuka kwa sababu walifika. Waliokuwa nyuma, waliochapwa kwa kuchanganya herufi hadi wakaacha shule, hawapo hapa kukujibu. Mimi nawakumbuka kwa sura.

Nirudi kwenye mada. Ripoti nilizoletewa na wazazi zilikuwa za aina mbili. Nyingine nene, majedwali kila ukurasa, halafu mwisho kuna mistari miwili: "apewe msaada darasani". Msaada gani? Nyingine iliniambia: asinakili ubaoni, mpe karatasi iliyokwisha kuandikwa, maagizo mpe moja moja, mruhusu kujibu kwa mdomo kwenye somo ambalo hupimi kuandika, mkalishe mbali na dirisha. Hiyo nilianza kuitumia siku ileile. Kwa hiyo mzazi, kabla ya kukubali mtu, mwombe akuonyeshe ripoti ya mfano iliyofutwa jina. Nenda moja kwa moja kwenye mapendekezo. Kama yangeweza kumfaa mtoto yeyote duniani, tafuta mwingine.

Nyota ya Asubuhi
Mwalimu Mungu akupe umri.

Jabali
Sijasema wachapwe. Mwalimu usiniwekee maneno mdomoni.

Mama Tumaini
Nilikuwa nasoma tu, nimeshindwa kunyamaza. Binti yangu alikuwa anatajwa kila kikao cha wazazi: hasikilizi, anaota mchana, ukimwita haitiki. Mimi mwenyewe nilimwona. Anaongea, anakata katikati ya neno, macho yametulia, kisha anaendelea na jambo jingine. Tukaambiwa ni ADHD, ile shida ya kutotulia na kutokuwa makini. Fomu zilijazwa na mwalimu, nikajaza na mimi, alama zote za kutokuwa makini zikatoka juu. Ikabaki dawa tu kuanzwa.

Ndugu mmoja akashika msimamo kwamba kwanza apimwe kikamilifu. Yule mama tuliyempata alitukubalia tukae chumba cha pili chenye kioo. Akampa kazi ya kurudia namba: anataja, mtoto anarudia. Binti akarudia vizuri, vizuri, halafu kimya. Kope zinacheza kidogo. Baada ya sekunde chache anauliza, "Umesema nini?" Yule mtaalamu hakuandika kosa akasonga mbele. Aliweka kalamu chini, akaangalia saa. Akaendelea, ikatokea tena. Safari hii alimgusa bega, akamwita jina. Hakuna. Nikataka kuingia, mume wangu akanishika mkono. Mtaalamu akasitisha kila kitu, akatoka akatuambia: "Leo sipimi tena. Huyu aonwe na daktari wa mishipa ya fahamu, na apimwe umeme wa ubongo."

Tukaenda. Wakambandika zile nyaya kichwani, wakamwambia apumue kwa nguvu mfululizo kama anapuliza mshumaa. Mbele yangu akapotea palepale, na kwenye skrini mistari ikapanda na kushuka kwa mpangilio mmoja. Kifafa. Kile cha kupotea kwa sekunde, kisichoangusha mtu. Wadau, mwanangu alikuwa anapoteza vipande vya somo kutwa nzima, na kila kipande aliadhibiwa kwacho. Alipotulia kwa dawa za kifafa tukarudi kumalizia vipimo. Hesabu zilikuwa na matobo, akili ilikuwa salama.

Nyota ya Asubuhi
Nimelia. Pole sana mama.

Baba Mlezi
Dah. Anaendeleaje sasa hivi?

Mama Tumaini
Anaendelea vizuri, anapenda sana kusoma.

Mvuvi wa Usiku
Ngoja, wa kwangu naye anakodoa macho ukutani! Nimpeleke kesho?

Muuguzi wa Zamu
Mvuvi tulia kwanza. Watoto wengi wanakodoa macho kwa mawazo tu. Mguse, mwite: wa mawazo anarudi. Angalia kama anakatika katikati ya kula, ya kuongea au ya kucheza, yaani kazi inayompendeza. Mrekodi kwa simu ukiweza, daktari atakushukuru. Ukiona hivyo usingoje kikao cha shule, nenda.

Na jambo ambalo watu wanaruka: masikio na macho yapimwe kabla ya yote. Mtoto asiyesikia vizuri sauti ndogo ataanguka vipimo vya maneno hata kama ana akili ya ajabu.

Mvuvi wa Usiku
Nimemgusa, amecheka. Asanteni.

Mwanafunzi wa Saikolojia
Alichofanya mtaalamu wa Mama Tumaini ndicho cha kutafuta. Kipimo cha akili cha watoto kama WISC-V kina wastani wa 100, na watoto wapatao theluthi mbili wanaangukia kati ya 85 na 115. Hizo namba mtu yeyote aliyefunzwa anaweza kuzikokotoa. Kazi yenyewe ni kumtazama mtoto *anavyofika* kwenye jibu. Kuna mchoro mmoja mgumu uliobuniwa na André Rey mwaka 1941, mtoto anaunakili kisha baadaye anauchora kwa kumbukumbu. Watoto wawili wanaweza kupata alama sawa, mmoja alianza na umbo kubwa, mwingine alirukaruka vipande vipande. Msaada wao darasani hautafanana.

Na msichanganye: nafasi ya 16 kutoka chini kati ya watoto 100 wa rika lake si kupata asilimia 16 ya maswali. Nimeona wazazi wakivunjika moyo kwa hilo.

Mama wa Kitinda Mimba
Mimi wa kwangu nilimfundisha maswali kidogo kabla, nilimtolea kwenye intaneti. Asiaibike.

Mwanafunzi wa Saikolojia
Mama, naomba sana usifanye hivyo tena. Kipimo kilichofundishwa kinaficha shida uliyokwenda kuitafutia msaada.

Mama wa Kitinda Mimba
Sawa, lakini maneno mazuri hayana gharama. Nyinyi hamlei mtoto anayetetemeka akiona karatasi.

Mwalimu Mstaafu
Huyo anayetetemeka mwambie ukweli kwa lugha yake: unakwenda kwa mtu anayetaka kujua unavyojifunza, yapo ya rahisi na ya magumu, hakuna kufeli.

Baba Mlezi
Mimi sikumwambia kitu, nilisema tunakwenda kucheza. Ilisaidia.

Mama Pacha
Sisi tulimwambia kila kitu, ikasaidia pia. Labda inategemea mtoto. Ila ashibe, alale, na miwani isisahaulike.

Nyota ya Asubuhi
Anayetumia dawa za ADHD azimeze siku hiyo au asimeze?

Jabali
Asimeze, aonekane alivyo.

Mama wa Kitinda Mimba
Ameze! Bila hivyo atapanda juu ya meza ya watu.

Muuguzi wa Zamu
Msimjibu mwenzenu hivyo. Dawa haikatizwi kwa ushauri wa mtandaoni. Amuulize daktari aliyemwandikia na mtaalamu anayempima, kila mmoja ana sababu zake, na ripoti iandike alikuwa ametumia au la.

Jabali
Haya, hilo nimekubali. Nami niulize. Nina mjukuu ana miaka mitano hajaanza kusema vizuri. Wa aina hiyo naye anapimika?

Mama Pacha
Mzee, karibu sana. Anapimika. Mama Tumaini, yule mtaalamu wenu anapokea wasiosema?

Mama Tumaini
Hapokei, alisema wazi kwamba si eneo lake, akaelekeza kwingine. Mzee Jabali, ukipiga simu uliza hivi: umeshapima watoto wasiosema wa umri huu, na unatumia nini? Akitaja kipimo kama Leiter-3, ambacho maelekezo yake ni ya ishara na mtoto hahitaji kusema neno, endelea kuzungumza naye. Akisema anatumia kile kile cha wote, mshukuru ukate simu. Na masikio kwanza, kama muuguzi alivyosema.

Jabali
Masikio hayajapimwa. Naanza na hilo.