Amiga 500: gara ya nyatiti inageuka mluzi nikirekodi kutoka kaseti. Kosa ni la programu au la sampla?

KandaKuukuu (Kisumu)

Wadau, hamjambo. Mashine ni Amiga 500 (kompyuta ya zamani ya Commodore) ya PAL, Kickstart 1.3 (programu yake ya msingi), 512K kwenye bodi na 512K nyingine kwenye kadi ya mlango wa chini. Sampla (kifaa kinachogeuza sauti kuwa namba) ni ya mono, inachomekwa kwenye poti ya printa, ina kinobu kimoja tu cha kiwango cha sauti. Narekodi kwa AudioMaster, halafu vipande vinaingia ProTracker (programu ya kupangia muziki). Chanzo ni kaseti za nyatiti (zeze la Waluo), na sauti inatoka kwenye tundu la hedifoni la deki.

Narekodi kwa 16,574 Hz. Nyuzi na mwimbaji vinatoka vizuri, lakini gara (njuga) za mguuni na pete ya kidole gumba cha mguu ikigonga mti zinazaa mluzi ambao kwenye kaseti haupo kabisa. Nikicheza nilichorekodi, sauti ni nzito kama spika imefunikwa blanketi, tena inatoka upande mmoja tu. Kuna mvumo wa chini pia. Na mwisho, rekodi inakatika kwenye sekunde ya 24 ilhali amri ya Avail inasema nina zaidi ya 400K za memori ya Fast ambazo hazijaguswa.

Nibadilishe programu?

---

Solda58 (Nakuru)

Programu iache ilivyo. Ukibadilisha utapata mluzi uleule kwenye skrini yenye rangi nyingine.

Mluzi kwanza. Ukichukua sampuli 16,574 kwa sekunde, sauti ya juu kabisa inayoweza kuandikwa ni nusu yake, yaani 8,287 Hz. Kilicho juu ya hapo hakipotei, kinakunjwa na kurudi chini. Mlio wa gara wa 10,000 Hz utaandikwa kama 6,574 Hz, pale ambapo sikio linasikia vizuri sana. Nyuzi na mwimbaji hawana nguvu nyingi huko juu, ndiyo maana wao wamesalimika. Ukishakunjwa, mluzi umekuwa sehemu ya rekodi, hakuna chujio la kuutoa baadaye. Ni lazima uzuiwe kabla ya kuingia kwenye sampla, na sampla nyingi za bei nafuu zilitengenezwa bila chujio lolote mlangoni.

Dawa ya bure: panda hadi period 124 (period ni namba inayopanga kasi), ambayo kwa PAL ni 28,604 Hz. Nusu yake ni 14,302 Hz, na kaseti ya kawaida haina mengi juu ya hapo. Punguza tribo (sauti za juu) ya deki kidogo na mluzi utakuwa umekwisha au karibu. Hesabu ya period ni rahisi, gawanya 3,546,895 kwa kasi unayoitaka. 428 ni 8,287 Hz, 214 ni hiyo yako, 161 ni karibu 22,030. Chini ya 124 usiende, kwa sababu Paula (chipu ya sauti ya Amiga) huletewa data kwa zamu kwenye kila mstari wa skrini na hapo zamu hazitoshi.

Dawa ya solda, kama ni lazima ubaki kwenye 16,574: resista ya 4.7k mfululizo na waya wa sauti, kisha kapasita ya 4.7 nF (imeandikwa 472) kwenda ardhi. Inaanza kukata karibu 7.2 kHz. Peke yake ni dhaifu, kwenye 10 kHz inapunguza desibeli zisizofika 5. Ongeza hatua ya pili ya 47k na 470 pF (471). Masafa ni yaleyale, ila resista imekuwa kubwa mara kumi ili hatua ya pili isiielemee ya kwanza. Zote mbili zinakupa karibu desibeli 9 kwenye 10 kHz. Angalizo: mlango wa sampla yako ukiwa na ukinzani mdogo, hiyo 47k itameza sauti na utalazimika kuzungusha kinobu hadi mwisho, ambako utaokota kelele. Ikiwa hivyo, baki na hatua ya kwanza pekee na upande kasi.

Kiwango cha sauti nacho ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Biti 8 zinakupa takriban desibeli 48 kutoka kimya hadi kilele. Ukirekodi robo ya urefu, umetupa biti 2, yaani desibeli 12, na kelele itasikika nyuma ya kila kitu. Weka deki katikati, fungua kipima sauti cha programu, na uongeze hadi pigo kubwa kuliko yote, kwa nyatiti ni pete ikigonga mti, likaribie 127 bila kubanwa. Pete hupiga ghafla. Usipime kwa sauti ya mwimbaji.

Uzito wa sauti ni chujio la taa. Tazama taa ya POWER: ikiwaka kwa nguvu, chujio limewashwa, linakata kuanzia kHz 3 na kitu. Ikififia, limezimwa. Kwenye ProTracker weka amri E01 kwenye mstari wa kwanza (E00 inalirudisha). Kwenye AmigaBASIC:

POKE 12574721&, PEEK(12574721&) OR 2

A500 ina chujio jingine dogo ndani ambalo halizimwi na programu, linapunguza taratibu kuanzia kama 5 kHz, kwa hiyo usitarajie sauti kali ya A1200. Chujio hizi mbili ziko upande wa kutoa tu. Haziathiri kinachorekodiwa, na haziwezi kuzuia mluzi.

Upande mmoja si hitilafu. Chaneli 0 na 3 ziko kushoto, 1 na 2 kulia. Cheza kipande kilekile kwenye 0 na 1 kwa pamoja.

Na tafadhali, sampla usiichomeke wala kuichomoa mashine ikiwa imewaka. Chipu ya 8520 inayohudumia poti hiyo huungua kwa mchezo huo.

---

Lurambi_CLI (Kakamega)

Mulembe. Solda amemaliza ya sauti, mimi naongezea memori na mvumo.

Paula husoma memori ya Chip (ile inayofikiwa na chipu za sauti na picha) peke yake. Zile 512K za mlango wa chini Avail inaziita Fast, lakini ziko kwenye anwani $C00000, na kwa Agnus (chipu inayosimamia memori) ya zamani ya 512K, Paula hazioni. Chip iliyobaki baada ya Workbench na programu ni kama 400K, yaani baiti 409,600. Gawanya kwa 16,574 upate sekunde 24.7. Ndiyo hiyo rekodi yako inayokatika. Kwa 28,604 ambayo Solda anakushauri utabaki na sekunde 14.

Fungua mashine usome chipu kubwa ya mraba, ndiyo Agnus. Ikiwa ni 8372A na bodi ni Rev 6A (toleo la bodi), unaweza kuzigeuza 512K za kadi ziwe Chip: kata JP7A na uhamishe JP2 (viunganishi vidogo vya bodini). Jumla itabaki megabaiti 1 ileile, ila yote Paula anaiona, na muda wako unakuwa mara mbili na zaidi kidogo. Ikiwa ni 8371, usiguse chochote, haiwezi. Rev 5 ina utaratibu wake, usifuate wa 6A.

Ukiwa umefungua, itoe kadi ya mlango wa chini utazame betri ya saa, lile pipa dogo la buluu au kijani. Kama kuna ukungu wa kijani kwenye miguu yake, ikate leo. Maji yake hula nyaya za kadi, kisha yanahamia kwenye pini za bodi kubwa, na unyevu wa ziwa hauisaidii. Safisha kwa siki kidogo kwenye kipande cha pamba, suuza kwa spiriti, acha ikauke kabisa. Utapoteza saa tu.

Mvumo: iendeshe deki kwa betri uone. Ukiisha, deki na Amiga zilikuwa zinazungushiana umeme kupitia ardhi ya stima, endelea na betri. Usipoisha, tafuta waya wa sauti wenye kinga na usogeze mbali na TV na tofali la pawa. Ukisikia kijisauti kinachobadilika diski ikizunguka, hicho kinatoka kwenye volti 5 za poti. Lehemu kapasita ya 100 µF na ya 0.1 µF sambamba, karibu na chipu ya ADC (inayogeuza sauti kuwa namba) ndani ya sampla.

Skrini ikizimika wakati wa kurekodi usishtuke. CPU inaisoma poti kwa kuzunguka bila kupumzika, na picha ingeiibia nafasi kwenye basi, sampuli zikatoka kwa vipindi visivyo sawa. Funga kila kitu kingine kabla ya kubonyeza.

---

Dunga_adf (Kisumu)

Omera, mbona kujitesa? Rekodi kaseti kwenye laptopu, acha SoX (programu ya sauti ya kompyuta) ifanye kazi ya chujio, ambayo inaifanya vizuri kuliko resista yoyote:

sox nyatiti.wav -b 8 nyatiti.8svx remix - rate 16574 norm -1

Hapo umepata mono, biti 8, mkunjo umekatwa, kilele kimesogezwa karibu na mwisho. Faili ya 8SVX (aina ya faili ya sauti ya Amiga) inabeba kasi yake kwenye kichwa, kwa hiyo AudioMaster itaicheza sawa. Ukitumia raw (data tupu isiyo na kichwa), kumbuka Amiga inataka biti zenye alama ya kujumlisha na kutoa, wakati WAV ya biti 8 haina. Ukizichanganya utasikia ngurumo ya kutisha yenye nyatiti ndani yake.

Kuhamisha, tumia Gotek (kifaa kinachoiga kisomea flopi) yenye programu ya FlashFloppy, na picha ya ADF (nakala ya flopi ya Amiga):

xdftool nyatiti.adf create + format Nyatiti ofs + write nyatiti.8svx

Weka OFS (mfumo wa faili wa zamani), kwa sababu Kickstart 1.3 haisomi flopi za FFS (mfumo mpya zaidi). Vipande viwili vya 400K vinaingia kwenye diski moja, cha tatu hakiingii. Ule mgandamizo wa Fibonacci unaotolewa na 8SVX unapunguza faili nusu, lakini gara zitatoka zikikwaruza. Uache.

---

Solda58 (Nakuru)

Njia ya Dunga ni safi zaidi, sibishi. Ila mtu anayetaka kugonga kipande, kukisikia na kukikata palepale kwenye ProTracker hatakubali kupita kwenye laptopu kila mara. Gawa kazi: wimbo mrefu uende kwa SoX, mapigo mafupi ya pete na gara yarekodiwe kwa sampla kwenye 28,604. Pigo moja la nusu sekunde ni baiti 14,302 tu.

---

KandaKuukuu (Kisumu)

Shukrani, wazee. Kwa 28,604 na tribo chini, mluzi umekwisha. E01 imefungua sauti. Deki kwa betri, mvumo hakuna. Chipu ni 8372A, bodi Rev 6A, kwa hiyo JP zitafuata.

Limebaki moja. Wimbo mrefu wa 16,574 kutoka SoX nauchezesha kwa kiprogramu kidogo cha C kinachotumia audio.device (kiendeshi cha sauti cha Amiga). Kila baada ya sekunde 8 hivi kuna "tik". Kwenye faili haipo.

---

Lurambi_CLI (Kakamega)

CMD_WRITE (amri ya kucheza) moja inabeba baiti 131,072 mwisho. Kwa 16,574 hizo ni sekunde 7.9. Programu yako inatuma kipande, inasubiri kiishe, ndipo inatuma kinachofuata, na katika pengo hilo Paula amenyamaza. Tenga IOAudio (maombi ya kucheza) mbili na matangi mawili ya memori ya Chip. Tuma zote mbili kwa BeginIO mwanzoni kabisa, kisha ya kwanza ikirudi ijaze upya na uitume wakati ya pili inacheza, na uendelee kuzipishanisha. BeginIO, si SendIO, maana SendIO inafuta bendera ya ADIO_PERVOL na period yako haitafika.

Matangi ya 16K yanatosha, na wimbo wenyewe unaweza kukaa kwenye zile 400K za Fast ukinakiliwa kidogokidogo, hata kabla hujagusa JP2. Urefu wa kila kipande uwe namba shufwa, Paula husoma baiti mbilimbili.