Slokuka (sufuria ya umeme inayopika polepole) ya kupangia saa imenipeleka kliniki usiku na watoto watatu, na muuzaji alikuwa anajua

Wadau habari zenu. Mnisamehe uzi utakuwa mrefu, nina hasira ya wiki nzima na nikinyamaza kuna mama mwingine kesho ataingia duka kama lile atoke na boksi kama langu huku anafurahi, kama nilivyotoka mimi.

Niko Jinja, Uganda, nakaa kaunta kwenye duka la vifaa vya ujenzi, naingia saa moja na nusu asubuhi natoka saa kumi na mbili jioni, Jumapili tu ndo napumzika. Baba watoto anaendesha trela ya Mombasa mpaka Juba, mwezi mzima tunamwona siku nne tano. Watoto watatu, mkubwa msichana yuko P6 (darasa la sita), wa kati P3, mdogo nasari. Dada wa kazi alienda kuolewa kwao Kamuli na sijapata mwingine wa kumwamini, kwa hiyo chakula cha jioni ndo kilikuwa kinanimaliza. Utoke kazini saa kumi na mbili, uwashe sigiri, uinjike maharage, mle saa ngapi? Saa nne usiku watoto washalala na njaa. Na makaa mnayajua wenyewe, ya kuivisha sufuria moja ya maharage kwangu hayapungui elfu tatu.

Ndo nikaenda kununua hiyo slokuka. Kijana wa dukani alinieleza vizuri sana, inakula wati 250 tu, masaa nane ni unit mbili, kwa bei ya yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, ni kama 1,500 hivi, unaweka asubuhi unaiseti unaenda kazini, ikimaliza inahamia yenyewe kwenye kuweka joto, ukirudi unapakua. Alikuwa nazo aina mbili. Moja ya swichi ya kuzungusha, laki moja na nusu. Nyingine ya skrini na vitufe, unapanga masaa unayotaka, laki mbili na themanini. Akasema hiyo ya kuzungusha ni ya kizamani, mtu anayeshinda kazini kama mimi inamfaa ya skrini.

Nilimuuliza, na hapa naomba mnisome vizuri kwa sababu ndo kiini cha uzi wote. Nilimwambia, "Mwanangu, na umeme wetu huu ukikatika mimi niko kazini inakuwaje?" Akanijibu bila hata kufikiria, "Hakuna shida mama, umeme ukirudi inaendelea." Nikahesabu pesa ya chama nikampa.

Wiki tatu za kwanza nilikuwa naisifia kwa kila mtu, siwezi kusema uongo. Mulokoni, yaani kwato za ng'ombe, niliiweka Jumamosi saa tatu usiku na tangawizi na nyanya na kitunguu, nikalala, alfajiri nyumba yote inanukia, ukishika mfupa ukauinua nyama inabaki chini, na mchuzi uliobaki ulipopoa uliganda mpaka kijiko kinasimama. Sosi ya njugu nayo inatoka laini bila kuungua chini. Matoke haikunipendeza, inalowa, matoke ni ya kufunga kwenye majani na kuivisha kwa mvuke basi. Lakini kwa vitu vigumu vinavyotaka muda nilikuwa nimepona.

Sasa Jumanne iliyopita. Maharage, yale nambale mekundu, niliyaloweka usiku, asubuhi nikamwaga maji, nikayatia kwenye sufuria na maji mapya na kitunguu, saa kumi na mbili na nusu nikaiseti masaa kumi kwenye moto mdogo. Nikaona namba kumi inaanza kurudi nyuma, nikafunga mlango.

Saa tatu asubuhi umeme ukakatika. Dakika kumi tu, yule dada wa saluni hapo chini ndo aliniambia baadaye maana alikuwa na mteja chini ya draya. Dakika kumi! Na hapo niseme kidogo, mimi naishi Jinja jamani, bwawa la umeme la Nalubaale liko hapa tangu 1954, Bujagali tangu 2012, umeme unatoka hapa unakwenda mpaka nchi za jirani, halafu sisi tunaoishi chini ya nyaya zenyewe unapepesa kila siku mbili. Lakini huo ni uzi mwingine. Hata hivyo dakika kumi hazikuua chakula. Sufuria nzito ya udongo kama ile dakika kumi haipoi. Kilichoua ni kwamba umeme uliporudi ile mashine ilikuwa imesahau kila kitu. Skrini ikabaki inapepesa 00:00, sufuria imekaa hapo juu ya meza, plagi iko ndani, taa inawaka, haipiki. Tangu saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni.

Binti yangu akarudi na wenzake. Akaona zile sifuri, na mimi ndo nilimfundisha kwamba ikimaliza kupika saa inafika sifuri. Kwa hiyo mtoto akajua yameiva yakapoa. Akabonyeza kitufe cha kuweka joto, akasubiri kama saa moja, akasonga posho (ugali), akawapakulia wadogo zake. Mtoto wa miaka kumi na moja! Alifanya kila kitu alichofundishwa. Mimi nilifika nimechelewa, saa moja na nusu, nikakuta wameshakula. Nikachukua harage moja kutoka kwenye sahani ya mdogo nikalibana kwa vidole, ganda likateleza, ndani gumu, jeupe katikati kama chaki. Nikaliweka chini nikaanza kuuliza.

Wa kati alianza kutapika saa mbili na nusu. Haikupita dakika kumi na tano mdogo naye. Yule mkubwa akajikaza mpaka saa tatu halafu akakimbilia choo. Nilikuwa na mabeseni mawili na watoto watatu. Mdogo alikuwa ananishika shingo, kila akitapika anatetemeka mwili mzima halafu ananiambia "mama basi, mama basi" kama vile mimi ndo namfanyia. Nikaita boda mbili, moja nikapanda na wadogo, nyingine binti yangu peke yake na beseni mkononi, tukaenda kliniki.

Nesi swali la kwanza alilouliza ni mmekula nini, la pili, maharage yaliiva? Akanieleza taratibu huku anawanywesha ORS, ile dawa ya maji ya kurudisha maji mwilini. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu yake ya asili inaitwa lektini. Ukiyachemsha kwelikweli, maji yanatokota, inakufa. Ukiyapasha tu haifi, na ndani ya saa moja mpaka tatu baada ya kula unaanza kutapika na kuharisha. Nikaja nikasoma mwenyewe usiku huohuo maana usingizi ulikuwa hauji, shirika la chakula na dawa la Marekani, FDA, linasema harage nne tano tu mbichi zinatosha kumwangusha mtu, na maharage yaliyopashwa moto mpaka nyuzi 80 bila kuchemka yanaweza kuwa na sumu hadi mara tano kuliko mabichi kabisa. Wanasema uloweke angalau masaa matano, umwage maji, uchemshe kwa maji mapya angalau dakika 30, na usiyapikie kwenye slokuka. Bibi zetu walikuwa wanayatokosa kwa fujo kwenye sigiri, hawakuhitaji kujua jina la lektini. Mimi nimekuja na mashine inayopika polepole na hakuna aliyenifungua macho.

Namshukuru Mungu kufika saa saba usiku walikuwa wametulia, asubuhi mdogo anaomba chai. Lakini nusu ya usiku ule sitausahau, na binti yangu mpaka leo ananiuliza kama ni yeye aliwapa sumu wadogo zake. Hilo ndo linanichemsha kuliko pesa.

Nikakisoma kile kitabu cha maelekezo chote, nilikuwa nimeruka kurasa za mbele kama wengi wetu. Kina mapishi ishirini na kitu. Kuna pishi moja lina maharage mekundu, unasoma unakuta ni maharage ya kopo! Ya kopo yameshapikwa kiwandani, hayana shida, ndo maana wao hawakuona haja ya kuonya. Nani hapa kwetu anapika maharage ya kopo? Sisi tunapimiwa kilo sokoni kutoka kwenye gunia. Na kuhusu umeme kukatika kuna sentensi moja, ukurasa wa nyuma, maandishi ya sisimizi, kwamba umeme ukikatika mpangilio unafutika.

Alhamisi nikaomba ruhusa nikarudi dukani na boksi. Kijana yuleyule. Nikamweleza kila kitu kwa adabu, na risiti mkononi. Mnajua alinijibu nini? "Hiyo si kasoro mama, hizi za skrini nyingi ndo ziko hivyo. Ile ya kuzungusha ndo umeme ukirudi inaendelea, kwa sababu swichi inabaki palepale ulipoiacha."

Nikamwomba arudie. Akarudia! Yaani alikuwa anajua. Ile ya laki moja na nusu ndo ilikuwa inanifaa, ilikuwa pale pale juu ya rafu mbele ya macho yetu sisi wote wawili, nikamuuliza swali lenyewe kwa mdomo wangu, akaniuzia ya laki mbili na themanini kwa uongo. Nikamwambia basi nibadilishie, chukua hii nipe ile, hata hiyo tofauti baki nayo. Akanionyesha chini ya risiti, bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikamuuliza kwa hiyo watoto wangu kutapika ni juu yangu? Akasema mama maharage lazima uangalie kama yameiva. Wateja wengine walikuwa wanasikia. Mmoja alirudisha mkoba wake begani akatoka, sijui alikuwa amekuja kununua nini.

Sikatai kwamba mimi nilikosea kuweka maharage bila kuyachemsha kwanza, sikujua, sasa najua, na nimewaambia nyinyi wote bure. Lakini mashine ya kumpikia mtu ambaye hayupo nyumbani, inayosahau kazi yake umeme ukipepesa, huwezi kuniuzia Uganda bila kunitamkia hilo kabla sijatoa hela. Sitaki punguzo wala zawadi ya kikombe, nataka kuambiwa ukweli nikiuliza.

Mnaotaka kununua, kabla hamjalipa mwambieni muuzaji aichomeke hapohapo, aiseti masaa nane, achomoe plagi, ahesabu mpaka ishirini, arudishe. Kama inaendelea kuhesabu, nunua. Ikirudi sifuri, mwachie. Akikataa kuijaribu umeshapata jibu lako.

NYONGEZA, naona maswali ni mengi nijibu hapa.

Anayesema ningeweka fridge gadi, kile kifaa cha kukinga friji umeme ukiyumba: nilikuwa nayo! Na ndo mbaya zaidi, kwa sababu gadi umeme ukishuka kidogo tu inakata yenyewe, inasubiri dakika kadhaa ndo inarudisha. Hata siku ambayo umeme haujakatika mtaani, gadi inaweza kukata na slokuka ikasahau. Kwa friji ni sawa, kwa hii kitu ni hasara.

Anayesema ninunue UPS, ile betri ya akiba: ndugu, UPS ndogo kwa wati 250 itakupa dakika chache, hapa kwetu umeme siku nyingine unaondoka masaa matatu. Na kwa nini niongeze laki nyingine kufunika uongo wa mtu?

Aliyeuliza kama chakula kilichokaa kingeokolewa kwa kuchemsha upya nikifika mapema: ukikuta 00:00 na hujui ilisimama saa ngapi, nyama mwaga. Chakula kilichokaa kati ya nyuzi 5 na 60 zaidi ya masaa mawili si cha kumpa mtoto, kuna vijidudu vinaacha sumu ambayo hata kuchemsha hakuiondoi. Inauma kumwaga kilo ya nyama najua, mimi pia nimemwaga.

Na mama aliyeniandikia kutoka Arua kwamba yake ilimfanyia hivyohivyo na mulokoni, pole sana dada yangu, andika hapa watu waone kwamba siko peke yangu.

Jumamosi narudi pale na shemeji yangu na boksi na risiti, na kile kitabu nimekunja ukurasa. Kuna mwenye kujua duka lolote, Jinja au hata Kampala, linalokubali kuchomoa plagi mbele ya mteja? Niandikieni hapahapa, na bei ya ile ya kuzungusha.