Gumzo la ukoo: kolaji zimepinda, maonyesho siku 12

Binti: Shikamooni wakubwa. Kolaji tatu (picha za vipande vya karatasi vilivyobandikwa) za maonyesho ya kiangazi zimepinda kama vigae 😩 Kadibodi ya milimita 2, sentimita 50 kwa 70, gundi nyeupe ya maji. Zimebaki siku 12.

Shangazi: Marahaba mwanangu. Kingo zinainuka kuja mbele au zinarudi nyuma?

Binti: Zinakuja mbele. Katikati bonde kabisa.

Shangazi: Basi karatasi za mbele ndizo zinavuta. Karatasi ikinywa maji ya gundi inatanuka, wewe unaibandika hivyo hivyo. Ikikauka inasinyaa, na kwa kuwa imeshaganda kwenye kadibodi, inaivuta nayo. Kila tabaka unaloongeza linazidisha huo mvuto.

Kaka: Si aweke tu vitabu vizito juu?

Shangazi: Vitabu vikitoka inarudi ilikokuwa, subiri siku mbili uone. Dawa ni kuivuta na upande wa nyuma pia. Binti, tafuta karatasi ya unene unaokaribiana na za mbele. Paka gundi ileile, sehemu 3 kwa sehemu 1 ya maji. Acha dakika 3 hadi 5 inywe na itanuke, ndipo uibandike mgongoni mwa kadibodi ukisukuma hewa kutoka katikati kwenda kingoni. Ukibandika haraka kabla haijatanuka, haitakuwa na nguvu ya kuvuta.

Shangazi: Na nyuzi za karatasi zielekee upande uleule na za kadibodi. Hapo ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu karatasi hutanuka zaidi kwa kukatisha nyuzi kuliko kwa kuzifuata.

Binti: Nyuzi nazijuaje shangazi?

Shangazi: Kata kipande cha mraba, lowesha upande mmoja. Kitajikunja kama bomba. Urefu wa hilo bomba ndio mwelekeo wa nyuzi. Kadibodi ipinde kidogo kwa mikono huku na huku, inapotii kirahisi mstari wa mpindo ndio mwelekeo wa nyuzi.

Mjomba Fremu: Halafu ibanwe kati ya mbao mbili bapa. Mbele karatasi ya kuokea isigande, nyuma karatasi za kunyonya maji. Hizo za kunyonya badilisha baada ya nusu saa, tena baada ya saa mbili, tena kabla ya kulala. Uzito usambae ubao mzima. Baada ya hapo siku 3 usiguse, hata kama nje inaonekana kavu.

Binti: Moja ina picha nilizochapa kwa printa ya wino wa maji. Weusi umechuruzika kidogo kwenye bluu.

Shangazi: Hiyo usiiguse kwa gundi ya maji tena. Kingo zilizoachia zishike kwa utepe wa gundi pande mbili usio na asidi. Upindo wake utatulizwa na fremu. Siku nyingine toa nakala kwa printa ya leza, wino wake ni unga uliogandishwa kwa joto, hauchuruziki kwa maji.

Kaka: Na vipande vya gazeti? Naona viko vingi.

Shangazi: Vitageuka rangi ya chai. Gazeti lina lignini, kemikali inayotoka kwenye mti, na lignini ikipigwa na mwanga inakuwa njano kisha kahawia. Magazeti waliyobandika wachoraji Picasso na Braque tangu 1912 yamefanya hivyohivyo, na hayo yametunzwa vizuri kuliko yetu 😄 Ukitaka weupe ubaki, piga nakala kwenye karatasi isiyo na asidi. Ukiupenda huo ukahawia, mwambie mnunuzi mapema.

Mjomba Fremu: Sasa fremu. Kioo kisiguse kazi hata kidogo. Kolaji ina miinuko, na unyevu ukikusanyika ndani ya kioo karatasi inanata au inaota koga. Weka vijiti vya kutenganisha, milimita 5, vijifiche chini ya ukingo wa fremu.

Binti: Waandaaji wanasema akriliki, ile plastiki angavu kama kioo, inaruhusiwa. Si ni nyepesi?

Mjomba Fremu: Nyepesi, ndiyo. Kwa ukubwa wako kioo cha milimita 2 ni kama kilo 1.75, akriliki haifiki kilo moja. Ila ukiifuta kwa kitambaa kikavu inapata umeme tuli na kuvuta vipande vilivyolegea. Utaona kona ya karatasi imesimama imebusu akriliki. Futa kwa kitambaa chenye unyevunyevu. Kiangazi pia inatanuka kwa joto, kwa hiyo iwe ndogo kuliko nafasi ya fremu kwa milimita 2 hivi.

Mjomba Fremu: Pete za kuning'inizia zikae theluthi moja kutoka juu, waya ulegee kidogo. Ukiukaza sana unavuta mbao za pembeni, kona zinafunguka.

Mama: Ukutani muombe mahali pasipopigwa na jua la mchana. Akriliki ya kuzuia miale inapunguza kupauka tu, haikomeshi. Na usiache kazi ndani ya gari lililofungwa, gundi inalainika.

Kaka: Kibandiko cha maelezo ya kazi je?

Mama: Jina la kazi, mwaka, "kolaji ya karatasi kwenye kadibodi", kimo kisha upana, bei. Kimo kwanza, watu wanachanganya sana hapo. Na zile picha za jarida, hasa sura nzima ya mtu iliyokatwa bila kubadilishwa, zina mwenyewe. Kwa ile ya kuuza, tumia picha ulizopiga au zilizo huru.

Binti: Asanteni. Nimelowesha kipande, bomba limelala kwa urefu wa kadibodi. Naanza na ile ya samawati.

Shangazi: Hapana, anza na ile usiyoipenda sana.

Binti: 😂 Sawa shangazi. Ile ya vigae basi.