Sisi kuuza michungwa yetu lazima ofisi iridhie, wao kuuza shamba zima hatuulizwi!

Wakuu, leo naandika kwa hasira, mnivumilie.

Niko Muheza, kwenye moja ya mashamba ya zamani ya mkonge. Marehemu baba alipewa kipande na meneja wa wakati huo, mkonge umeshakufa na shamba limegeuka pori. Masharti yalikuwa ya mdomo: fyeka, lima, kila mwaka lete kodi ofisi ya shamba. Akaanza na muhogo, kisha akapanda michungwa. Ofisi iliiona ikikua na haikusema neno, ikaendelea kupokea kodi. Stakabadhi tunazo.

Sharti moja tu lilisisitizwa: huwezi kumuuzia mtu miti yako, hata awe ndugu yako wa damu, mpaka ofisi iridhie. Na hapo ndipo tunaponyongwa. Kuna mama mjane jirani yetu alipata mnunuzi wa bei nzuri, anataka ada ya watoto. Barua yake ikakaliwa ofisini mpaka mnunuzi akachoka akaenda zake. Haukupita muda ofisi ile ile ikamwambia, "Basi tuuzie sisi." Kwa bei waliyoipanga wao! Angefanyaje, na shule imeshafunguliwa? Akauza. Mtu akikuzuia kumuuzia mwingine yeyote, halafu akanunua yeye, huko ni kukuuzisha kwa nguvu.

Sasa shamba zima linauzwa kwa mwekezaji. Tumeletewa karatasi: tia saini au dole gumba, pokea malipo kwa kila mti, ondoka kabla ya msimu ujao. Asiyesaini atahesabiwa mvamizi. Mchungwa unaozaa, ambao wanunuzi wa Kenya huufuata mpaka shambani na malori yao, umewekewa bei moja na mche wa juzi. Hakuja mthamini yeyote, kazi yote kaifanya mnyapara na daftari lake.

Wavamizi! Tumevamia nini? Mwaka 1964 nchi hii ilizalisha mkonge karibu tani 230,000, kisha kamba za plastiki zikaja kuua bei, na mashamba mengi ya Tanga yakaachwa magofu. Pori lile lilifyekwa na wazee wetu kwa panga, hakuna mwekezaji aliyekuwepo.

Najua kuna watakaosema hatuna hati, tulikuwa na ruhusa tu, na shamba la hati si ardhi ya kijiji. Sawa. Lakini Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, Rais ameishika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Kwa hiyo mwenye hati naye ni mpangaji, tena mwenye masharti, na mojawapo ni kuendeleza shamba. Asipoliendeleza, Rais anaweza kuifuta hati. Hili letu kaliendeleza nani?

Nchi hii hii ilifuta nyarubanja za Bukoba, ule mfumo wa mabwana kumiliki ardhi na walimaji kuwalipa kodi, mwaka 1965, na mwaka 1968 ikatunga sheria ya kuwapa ardhi waliokuwa wakikodi kimila. Serikali yenyewe ikitwaa ardhi, kanuni za 2001 zinataka mazao na majengo yathaminiwe, na juu yake posho ya usumbufu, usafiri, malazi na faida iliyopotea. Inakuwaje mtu binafsi atuondoe kwa karatasi moja, na mtendaji anatuambia tuelewane wenyewe?

Mama yangu hajatia dole gumba, na hatatia mpaka aje mthamini aliyesajiliwa, ahesabu mti mmoja mmoja sisi tukiwepo.

Ninachoomba hapa: walioko Korogwe, Pangani au popote kwenye mashamba ya mkonge waliopewa karatasi kama hii, wekeni maneno yake tulinganishe. Na aliyewahi kufika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya akiwa na stakabadhi za kodi tu mkononi, atuambie zilipokelewa au zilitupwa. Majirani wanazidi kusaini kwa hofu.