Mrejesho: maji ya kiti cha meno yaliyokuwa yakinuka

Wakuu, ni mimi niliyeuliza kwa nini maji ya kiti cha meno kwenye kliniki yetu yananuka ilhali ya bombani ni safi. Mlikuwa sahihi: ni utando wa bakteria ndani ya mirija inayopitisha maji kwenye kiti. Mirija ni myembamba, maji hulala humo usiku kucha, utando unajijenga. Nilidhani kuyaachia yatiririke asubuhi kunatosha. Kumbe hiyo huondoa vijidudu vinavyoelea tu, utando wenyewe haubanduki.

Tulitia dawa ya mirija kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji wa kiti, kisha tukapeleka sampuli maabara. Majibu: bakteria chini ya 500 kwa mililita, kiwango kinachokubalika kwa matibabu ya kawaida. Nimefurahi mno! Kwenye upasuaji tunatumia maji tasa (yasiyo na vijidudu kabisa) kwa bomba la sindano, hayapiti kwenye kiti kabisa.

Lililoniuma ni drili. Tulikuwa tunazipangusa kwa spiriti tu, na mate na damu huweza kufyonzwa ndani. Sasa baada ya kila mgonjwa tunaiendesha sekunde 20 hadi 30 itoe maji na hewa, kisha inaingia otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wa moto. Drili hazitoshi, wagonjwa wanasubiri zaidi, lakini haturudi nyuma.